Kibuyu Hakirudi Kitupu

Harufu ndiyo iliyonitangulia. Ilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi ya mama, mahema ya kukodi yameshakunjwa, na mimi nilikuwa nikitafuta tu mahali pa kuweka masufuria yaliyooshwa. Nilipofungua mlango wa jiko lake ikanipata pale pale kizingitini: moshi, makaa ya mzeituni mwitu, na uchachu wa uji wa wimbi uliolala siku mbili. Nikainua macho. Kibuyu kilikuwa juu ya msumari wake, cheusi kwa masizi, kimepasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi wa katani. Kwetu tunakiita kinya. Sikukigusa. Nilivuta kigoda nikaketi, mimi mwanamke mzima mwenye pensheni, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mama afe.

Pale kaburini sikulia, na najua nilisemwa. Wacha waseme. Kuna machozi yanayotaka mtu awe peke yake, na upweke ni kitu ambacho mimi sijawahi kukikosa.

Ninyi mliosoma wakati wangu mtakumbuka insha zetu. Ukiambiwa uandike kuhusu sherehe, unaanza na "hoihoi, nderemo na vifijo," unachinja ng'ombe wawili, unapika pilau. Pilau! Sisi tuliokuwa shule ya kijijini karibu na Muthara, huko Meru, hatukuwa tumeiona pilau hata kwa ndoto. Tulikuwa tukiichota kitabuni tunaipakua kwenye daftari, mwalimu anatia alama, tunakwenda nyumbani kula githeri, mahindi na maharagwe. Neno "karamu" nililijua kwa namna hiyo, kwa kuliandika. Karamu yenyewe nilikuja kuifahamu baadaye, na niliifahamu kwa kuiharibu.

Sikuzaliwa kule. Nilizaliwa Isiolo, katika nyumba za laini za wafanyakazi wa barabara, kwa sababu baba yangu alikuwa dereva wa lori la kokoto. Baba alikuwa Mmeru wa Tigania, mama Muembu, na majirani walikuwa wa kila kabila, leo wako, kesho wamehamishwa. Hapakuwa na wakati wa kujuana na mtu. Lugha ya laini ilikuwa Kiswahili, na hata ndani ya nyumba yetu tulisema hicho hicho. Nilikuwa mtoto wa pekee. Nilipofika miaka tisa, nyanya yangu mzaa baba akafariki, shamba lake likabaki halina mtu, na baba akaona atuhamishie huko mimi na mama. Alitushusha na vyombo vyetu, akalala siku mbili, akarudi kwenye lori lake.

Aii, mwaka ule! Jina langu ni Makena, na kila Mmeru anajua Makena ni yule mwenye furaha. Watoto wa shule walilifurahia jina hilo kuliko mimi. Kimeru changu kilikuwa cha kuokoteza, nikifungua mdomo wanacheka, nikifunga wanasema najidai. Mama naye alisema Kiembu, na ingawa lugha hizo ni ndugu, wanawake walimwomba arudie maneno ili wayasikie tena na kushika mbavu kwa kicheko. Hawakuwa wabaya. Lakini mtu anayechekwa kila akisema maji, mwishowe huona heri akae na kiu.

Hata hivyo wanawake hao hao ndio walitupokea. Wiki ya kwanza walikuja wanne, mmoja mmoja, kila mmoja na kibuyu cha uji mgongoni kikiwa kimezibwa kwa majani. Wa kwanza alikuwa Mama Kananu, jirani wa ng'ambo ya kijito, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hakubisha hodi. Alisimama uani akatoa salamu ya Kimeru, "Muga! Nimeambiwa kuna watu hapa," akaingia, akamimina uji, akakaa mpaka jua likageuka. Nilikunywa uji ule mchachu nikakunja uso, na Mama Kananu akacheka hadi akafuta macho kwa leso.

Siku mbili baadaye mama alikiosha kile kibuyu, akakifukiza kwa kijinga cha moto, kisha akafanya jambo lililonishangaza. Akachota maharagwe katika gunia letu, gunia moja tu tulilokuwa nalo, akajaza kibuyu mpaka nusu. Akakiziba.

"Mpelekee Mama Kananu," akaniambia. "Ushike kwa mikono miwili. Umwambie mama anashukuru."

"Na maharagwe?"

"Maharagwe ni yake."

"Kwani aliyaacha kwetu?"

"Wewe nawe! Nenda, jua linazama."

Nikaenda. Maharagwe yalilia ndani ya kibuyu kila hatua, cha, cha, cha, na mimi nilisikia kama ni chakula chetu kinachoniaga. Mkumbuke kwamba mvua ilikuwa imetuhepa mwaka ule. Mama alipima maharagwe ya kila siku kwa kiganja, viganja viwili, akila ukoko akiniambia ndio anaoupenda. Na wale wanawake walikuwa wanne, na vibuyu havikukoma kuja.

Sasa ndipo aingie Mwalimu Zaituni. Alikuwa wa wale wafanyabiashara Waislamu wa mji wa Maua, baba yake aliuza nguo, na yeye alikuja kutufundisha Kiswahili akiwa amejitanda mtandio, akiongea lugha ile kama maji ya mfereji. Kwangu alikuwa malaika. Mtu mmoja katika shule nzima ambaye nikisema hacheki! Nilikaa dawati la mbele nikimmeza kwa macho.

Siku moja alitupa neno karamu tulieleze. Mimi, mjuzi wa Kiswahili, nikaandika haraka: karamu ni chakula kingi kinacholiwa na watu wengi. Alisimama juu yangu, akalikata kwa wino mwekundu. Nilihisi masikio yakiwaka moto.

"Chakula kingi kinacholiwa na watu wengi hata jeshi linacho," akasema. "Kwani jeshi lina karamu?" Darasa likaangua kicheko. Kisha akaenda ubaoni akaandika maneno kwa safu: karamu, mkarimu, ukarimu, takrima. "Hawa ni wa ukoo mmoja. Wametoka Uarabuni, na mzee wao ni karam, yaani moyo wa kutoa. Kwa hiyo mtu akikuambia kuna karamu, usiulize kunapikwa nini. Uliza nani anatoa."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na mkarimu ni nani?"

"Mkarimu ni yule anayetoa asingoje kurudishiwa."

Nililiandika hilo, nikalipigia mstari mara mbili. Nimekuja kuwa mwalimu wa Kiswahili mimi mwenyewe, miaka mingi Meru mjini, na kila mwaka nimeandika ile safu ubaoni. Ukoo ule wa maneno ni wa kweli, hakuna cha kusahihisha. Mwalimu Zaituni hakukosea. Ila mtoto ukimpa kipimo, atakwenda kupima nacho kila kitu mpaka avunje vyungu.

Mimi nilianza na Mama Kananu. Analeta uji, nikajiambia, halafu anangoja kibuyu kirudi na maharagwe. Basi si mkarimu huyo. Anauza uji! Na mama yangu, kwa sababu ni mgeni na anachekwa, anaogopa kukataa. Nilikasirika hasira ya kweli, ya mtoto anayemwona mama yake akinyang'anywa. Na katika akili yangu ya miaka tisa niliamua nitamlinda.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ghala la marehemu nyanya, limeinama upande, halina mtu wa kuliingia ila panya. Nilitafuta debe lenye mfuniko nikaliweka mle ndani. Safari iliyofuata, mama aliponipa kibuyu cha Mama Kananu, nilizunguka nyuma ya mgomba hadi ghalani, nikamimina maharagwe debeni, nikafunika. Kibuyu kikawa chepesi. Nilitembea nacho hadi ng'ambo kikiwa kimya kabisa.

Mama Kananu alikipokea kwa mikono miwili. Akakitikisa karibu na sikio. Akatoa kizibo, akachungulia ndani, kisha akanitazama.

"Mama yako ni mzima?"

"Ni mzima. Anashukuru."

"Haya," akasema. Hakuniambia niketi.

Nilirudi nikirukaruka. Nilikuwa nimeshinda! Nikafanya vivyo hivyo kwa vibuyu vya wale wengine watatu, na kwa cha Mama Kananu mara ya pili, na ya tatu. Kila mara debe lilipanda. Nilikuwa nikiingia ghalani peke yangu, nazamisha mkono katika maharagwe mpaka kwenye kiwiko, na kule kuzama kulikuwa raha kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo. Nilijiona mwenye siri njema. Siku njaa ikija, nitalitoa debe, mama atanikumbatia, atasema Makena mwanangu, kumbe una akili hivi!

Vibuyu vikaacha kuja.

Mwanzoni nilifurahi, nikaona wauza uji wamekimbia. Mama hakufurahi. Alianza kusimama uani jioni akitazama ng'ambo, mkono kiunoni. "Labda wana palizi," anasema. Wiki inapita. "Labda kuna mgonjwa." Kule kijitoni wanawake walimsalimu vizuri tu, wakajitwika mitungi yao wakaenda. Hawakumwomba tena arudie maneno ya Kiembu. Nadhani ndipo nilipoona kwamba hata kuchekwa ni kuwa na watu. Nyumba ilinyamaza. Tulikula bila kusema, tukasikia mbuzi wa watu wengine wakirudi, na watoto wa watu wengine wakiitwa majina yao.

Mwezi wa Desemba baba alikuja likizo akiwa na mabati. Hiyo ilikuwa habari kubwa. Nyumba ya nyanya ilikuwa ya nyasi, na baba kwa mshahara wa lori akaajiri fundi, wakaezeka nyumba mpya yenye vyumba viwili iliyowaka juani hadi barabarani. Nyumba kama hiyo haiingiwi hivi hivi. Lazima ibarikiwe, wazee wa kanisa waje, watu wale. Siku ikawekwa, Jumamosi, na baba akaalika watu kama mtu aliyekaa miaka mingi bila kualika.

Sasa mnajua desturi. Karamu ya Jumamosi huanza Ijumaa. Wanawake huja asubuhi na visu vyao na viondo vyao, wengine wanamenya ndizi na viazi, wengine wanateka maji, wengine wanaponda, na umbea wote wa kata nzima unapikwa hapo hapo. Hakuna mwanamke anayewapikia watu mia peke yake. Mama alipita nyumba zote wiki mbili kabla. Wote walimwitikia. Hakuna aliyekataa kwa mdomo.

Ijumaa ikafika. Mama alifagia ua kabla ya jua, akapanga vigoda kumi na viwili kwa mviringo, akaweka mikungu ya ndizi katikati. Nilihesabu vile vigoda nikiwa nimejificha nyuma ya mlango, kwa maana niliona haya na sikujua kwa nini. Saa tatu hapana mtu. Saa tano hapana mtu. Mama akachukua kisu akaanza kumenya. Utomvu wa ndizi ukamchafua vidole, ukawa mweusi mpaka kwenye vifundo, na mikungu haikupungua. Baba alikuwa akipita pita kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Wanawake wako wapi?" akamwuliza mama.

"Watakuja."

"Lini? Kesho tukishakula?"

Mama akachukua ndizi nyingine. Baba akachukua jembe akaenda kuchimba mahali pa meko, na mama alipoona ameondoka akaweka kisu chini. "Sijui nimewakosea nini hawa watu," akasema, kwa sauti ndogo, akiambia zile ndizi. Kisha akajifuta uso kwa mkono ule ule, na utomvu ukabaki shavuni.

Moyo wangu ulipasuka. Nikasema sasa ndiyo siku. Nilikimbia ghalani, nikalivuta debe, zito kunishinda, nikaliburura uani hadi miguuni pake.

"Usilie, mama. Hatuwahitaji. Tazama!"

Nikafunua. Vumbi jeupe likapanda. Maharagwe yalikuwa yamebunguliwa, kila punje na kitundu chake, na wadudu weusi wakitembea juu kana kwamba ni shamba lao. Lakini yalikuwa mengi, na mimi nilikuwa natabasamu.

Mama akainama. Akachukua punje moja, akaigeuza kidoleni.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye vibuyu. Niliyatoa kila uliponituma. Wale si wakarimu, mama, wanangoja kurudishiwa. Nilikuwekea wewe."

"Ya Mama Kananu?"

"Ya wote."

"Mara ngapi?"

Nilikuwa nimeona uso wake. Nilingoja kofi, na nawaambia kweli, hadi leo natamani angenipiga. Aliketi tu chini kwenye maganda.

"Makena," akasema, "kibuyu kikirudi kitupu, ni kumwambia mtu usirudi tena. Hata kwetu Embu ni hivyo. Umewafukuza watu wote kwa jina langu."

Kisha akasimama, akabeba debe akalimwaga kwenye shimo la taka, akanawa mikono. "Usimwambie baba yako," akasema. "Usimwambie mtu yeyote, maisha yako yote. Umenisikia?" Akajifunga leso, akavuka kijito. Nilimwona kutoka juu, amesimama mbele ya mlango wa Mama Kananu, akisema, na Mama Kananu amekunja mikono. Sikusikia neno. Alirudi peke yake, akashika kisu, akamenya. Nilimenya naye mpaka vidole vikauma.

Jumamosi walikuja wazee wa kanisa, na wanaume kadhaa wa ukoo wa baba, na watoto waliofuata harufu. Sala zikasemwa, wimbo ukaimbwa na sauti nzito tupu, bila sauti ya mwanamke ila ya mama. Chakula kilikuwa kingi, na watu ni wachache, na kila sufuria iliyofunuliwa ilizidi kutuaibisha. Saa tisa hivi, tulipokuwa tumekata tamaa, Mama Kananu akatokea. Peke yake. Mgongoni ana kibuyu kimoja. Akakiweka miguuni pa mama, akaketi kwenye kigoda kimoja kati ya vile kumi na viwili, akala alichopewa. Alipoondoka, kibuyu kilibaki. Baba alirudi kwenye lori mapema kuliko likizo yake.

Baada ya hapo mama alipata jina. Nililisikia kijitoni: "Kibuyu Kitupu ameamka?" Wanacheka, na mama, jamani, mama naye anacheka nao. Alibeba jina hilo miaka na miaka. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mtungi wangu, neno la kweli liko kooni, na nilikuwa nimekatazwa kulisema. Nilifikiri ananionea haya. Nilifikiri hataki watu wajue amezaa mtoto wa namna gani. Nilipokwenda bweni nilifurahi kutoka, na nilipopata kazi mjini nikapanga chumba, baadaye nyumba, na sijawahi kualika watu. Wenzangu shuleni walikuwa wakizungushana nyumba kwa nyumba, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu yangu ikifika nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa nikiwafundisha watoto karamu ni nini, halafu narudi kula ugali na televisheni.

Sasa, siku ile jikoni, nilipomaliza kulia nilikishusha kibuyu. Chini kabisa kilikuwa na gamba la uji mkavu. Nilikijua: ni kile alicholeta Mama Kananu siku ya kubariki nyumba. Nilijua pia, kwa kuwa nilikiona kila nilipokuja likizo, mara kiko kwetu, mara hakipo, kwamba wale wawili hawakuacha kukirudishiana. Baadhi ya wale wengine walikuja kuingiwa na huruma miaka ya mwisho, wengine walikufa na kinyongo chao. Lakini kibuyu kimoja kilikuwa kimevuka kijito kile maisha yote ya mama, na kifo kimemkuta zamu ikiwa yake.

Nikakiosha. Nikakifukiza, nikaunguza vidole, sina mazoea. Nikachagua maharagwe punje kwa punje, nikajaza hadi shingoni, nikavuka.

Mama Kananu ameketi nje ya nyumba ya mwanawe, macho yameingia ukungu, miguu haimbebi tena. Mazishini aliletwa kwa kiti. Nilipokaribia, maharagwe yakilia cha, cha, cha, akageuza kichwa kabla sijasema.

"Hicho ni changu," akasema.

"Ni chako, nyanya. Mama alikufa kabla ya kukirudisha. Ni mimi, Makena." Nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili, na nilipoona amekishika nikasema haraka, kabla ujasiri haujanitoka. "Vile vitupu vya zamani, ni mimi. Mama alivijaza vyote. Nilikuwa nikiyatoa maharagwe na kuyaficha. Ni mimi, si yeye."

Akakitikisa karibu na sikio, kama siku ile.

"Mama yako alikuja hapa akaniambia ni yeye," akasema. "Akasema kwao Embu hawana desturi hiyo, alikuwa hajui, tumsamehe. Wenzangu waliposikia wakakasirika zaidi. Muembu gani huyo asiyejua kibuyu? Dada yangu ameolewa Runyenjes, huko huko Embu, tunajua. Wakasema anatudanganya. Nikawaambia ndiyo, anadanganya. Lakini moyoni nikasema, mtu hadanganyi ili ajichafue mwenyewe. Ana mtu anayemficha."

"Ulijua!"

"Ndani ya nyumba ile mlikuwa wawili tu, mtoto wangu. Ningeshindwa kuhesabu?"

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba Makena ni mwizi? Jina la namna hiyo hungojea msichana mpaka siku ya harusi yake. Mama yako alikuwa ameshajitwika. Ningemwangusha mzigo wake katikati ya njia?"

Alikuwa amemimina maharagwe kwenye ungo, akipitisha vidole polepole, punje kwa punje, kwa kuwa macho hayamsaidii. "Hayajabunguliwa," akasema. Nilijifuta pua kwa mkono wa gauni kama mtoto.

Nikainuka. Nilimwambia nimefurahi, namshukuru, gari la mjini linapita saa tisa na bado sijafunga nyumba. Akanyoosha mkono akanishika pindo la gauni.

"Unakwenda wapi na kibuyu kimebaki hivi?"

"Si ni chako, nyanya? Nimekirudisha."

"Kikilala hapa kitupu, basi imekwisha. Keti. Mke wa mwanangu amekwenda kusaga wimbi. Utakwenda nacho kimejaa."

"Nyanya, mimi ninaishi peke yangu. Uji wote huo nitaunywa na nani?"

Alikuwa ameshakiweka magotini, anakipangusa kwa ncha ya leso, anatafuta kizibo kwa vidole.

"Hilo," akasema, "utalijua wewe."

Nikavua viatu, nikaketi. Gari la saa tisa lilipita nikilisikia.